John Boyd Dunlop: munganga wa wanyama aliyeweka hewa ndani ya gurudumu

Shoferi yeyote anayepanda kutoka Sake kuelekea Mushaki, kisha akaendelea mpaka Masisi-centre, Nyabiondo na Walikale, anajua jambo moja: safari ya kule haihesabiwi kwa kilometa, inahesabiwa kwa mitikisiko. Mvua ikinyesha, njia inakuwa matope. Jua likiwaka, matope yanakauka na kuacha mashimo na mawe. Mama mjamzito anayepelekwa hospitali nyuma ya pikipiki, mgonjwa aliyelazwa ndani ya gari, madumu ya maziwa, fromage ya Masisi, mifuko ya viazi: vyote vinapita kwenye mawe yale yale.

Kati ya jiwe la barabara na mgongo wa abiria kuna vitu vichache tu. Kuna kiti, kuna resori na amortiseri, na chini kabisa kuna mpira uliojaa hewa. Huo mpira wa hewa tunauona kila siku, mpaka tunadhani ulikuwa pale toka mwanzo wa dunia. Hapana. Uko na historia, na ndani ya historia hiyo jina moja linajulikana kuliko mengine: Dunlop. Wengi wanalijua jina kwa sababu ya mipira ya gari. Wachache wanajua kwamba mwenye jina hakuwa fundi wa magari hata siku moja. Alikuwa munganga wa wanyama.

Mtoto wa shamba

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, kusini-magharibi mwa Scotland. Wazazi wake walikuwa wakulima. Inasimuliwa kwamba alizaliwa kabla ya siku zake, na toka utoto aliambiwa kwamba mwili wake ni dhaifu, asijichoshe. Basi kazi ngumu za shamba hazikuwa zake. Akapelekwa kwenye masomo, akajifunza kuganga wanyama mjini Edinburgh, akapata diploma angali kijana.

Mwaka 1867, akiwa na miaka 27, alivuka bahari na kuhamia Ireland. Alianza kazi Downpatrick pamoja na ndugu yake James, halafu akaenda kufungua nyumba yake ya kazi mjini Belfast. Wakati ule farasi ndiye aliyekuwa gari, kamio na basi. Munganga wa farasi hakukosa kazi. Kazi ya Dunlop ikakua, ikawa mojawapo ya kazi kubwa za aina hiyo katika Ireland nzima. Mwaka 1871 alioa Margaret Stevenson, wakapata binti na mtoto wa kiume.

Kwa kazi yake alilazimika kusafiri mingi, tena juu ya magari ya farasi yenye magurudumu ya mbao yaliyovishwa chuma. Barabara za Belfast zilipangwa kwa mawe, na katikati zilipita reli za tramu. Dunlop alijua vizuri kutikiswa ni nini.

Ukubwa wa gurudumu, na shida iliyokuja nao

Ili kuelewa alichokifanya, lazima kwanza kuelewa hali ya magurudumu ya siku zile.

Gurudumu kubwa linapita shimo vizuri kuliko gurudumu dogo. Hesabu yake ni rahisi. Chukua mfereji mdogo uliokata njia, upana wake sentimita 20. Gurudumu la mita 1 na sentimita 30 likipita juu yake, linazama chini ya sentimita moja. Gurudumu la gari la kawaida, lenye kimo cha sentimita kama 63, linazama karibu sentimita moja na nusu ao kuzidi kidogo. Gurudumu la sentimita 30 linazama karibu sentimita 4. Shimo ni lile lile, lakini yule wa gurudumu dogo anapigwa zaidi ya mara nne kuliko yule wa gurudumu kubwa.

Njo maana baiskeli za zamani za Ulaya zilikuwa na gurudumu la mbele refu karibu kama kifua cha mtu. Urefu ule ulileta mwendo wa haraka, na ulipunguza mitikisiko. Lakini mwenye kuendesha alikaa juu sana. Akianguka, anaangukia kichwa. Mwaka 1885, Mwingereza John Kemp Starley alitoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu mawili karibu sawa na mnyororo wa kuzungusha lile la nyuma. Ni mama wa baiskeli tunazozijua leo. Ilikuwa salama kuliko ile ndefu. Ila magurudumu yake yalikuwa madogo, na yalivishwa ukanda mgumu wa mpira usio na hewa. Watu wakapata usalama, wakapoteza starehe. Kila jiwe lilifika mgongoni.

Mtu wa Masisi hana haja ya kwenda makumbusho ya Ulaya ili aone jambo hilo. Atazame tu tshukudu inayoteremka kwenda Sake na mzigo wa viazi ao makala. Gurudumu la mbao, dogo, na juu yake kipande cha mpira wa gari uliozeeka, kimepigiliwa misumari. Ule ukanda unalinda mbao isiliwe na mawe, unapunguza kidogo kelele, lakini hauwezi kumeza jiwe. Mikono na goti la mwenye kuendesha ndio amortiseri. Baiskeli za mwaka 1887 zilikuwa katika hali karibu kama hiyo.

Kibaiskeli cha mtoto

Mtoto wa Dunlop, jina lake Johnny, alikuwa na umri wa miaka kama 10. Alikuwa na kibaiskeli cha magurudumu matatu chenye ukanda mgumu wa mpira. Mtoto alilalamika kwamba mawe ya barabara yanamtikisa. Alitaka pia kwenda mbio kuliko wenzake.

Mwezi wa 10 wa mwaka 1887, baba alianza kujaribu. Alichukua mbao, akachonga duara lenye upana wa sentimita kama 40. Akatengeneza bomba jembamba la mpira, akalizungusha kwenye ukingo wa lile duara, akalifunika kwa kitambaa cha kitani na kukipigilia misumari. Halafu akajaza upepo kwa pompa ya kutia hewa mpira wa miguu. Mkono wa munganga, uliozoea kushona vidonda na kutumia mabomba ya mpira katika kazi yake, ulikuwa tayari kwa kazi hiyo.

Kisha akafanya jaribio ambalo kila fundi wa garaje atalipenda, sababu halihitaji maneno mengi. Alitoa gurudumu moja kwenye kibaiskeli cha mtoto, akalisukuma kwa nguvu uwanjani. Likaenda, likachoka, likaanguka kabla ya kufika mwisho. Akasukuma lile duara lake lenye hewa. Likavuka uwanja wote, likagonga mlango wa ua na kuruka nyuma.

Hapo Dunlop aliona kitu ambacho hakuwa anakitafuta. Alitaka kupunguza mitikisiko, kumbe alikuwa pia amepunguza nguvu inayopotea njiani. Gurudumu gumu likikuta jiwe, lazima lipande juu ya jiwe pamoja na mzigo wote, halafu lianguke tena. Kila kupanda kunakula nguvu. Mpira wa hewa unabonyea pale jiwe lilipo, unalimeza, unaendelea mbele. Gari linabaki karibu palepale, abiria anabaki palepale, na nguvu inatumika kwenda mbele.

Tarehe 28 Februari 1888, usiku, Johnny alitoka na kibaiskeli chake chenye magurudumu mapya ya nyuma. Alirudi akiwa na furaha. Asubuhi yake baba akakagua mipira kama anavyokagua kwato za farasi: haikuwa na jeraha. Tarehe 7 Desemba mwaka ule, serikali ya Uingereza ikampa hati ya uvumbuzi.

Siku watu walipoacha kucheka

Mipira ile ya kwanza ilikuwa minene, na watu wakaicheka. Lakini kijana mmoja wa Belfast, Willie Hume, kapiteni wa klabu ya baiskeli, alikubali kuinunua. Tarehe 18 Mei 1889 aliingia nayo kwenye mashindano ya Queen's College, Belfast. Alikimbia mara nne, akashinda mara nne. Baadaye akavuka kwenda Liverpool, akashinda karibu mashindano yote aliyoingia.

Kati ya walioona jambo hilo alikuwako Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin na mkubwa wa chama cha waendesha baiskeli wa Ireland. Inasimuliwa kwamba watoto wake walikuwa kati ya walioshindwa na Hume. Du Cros hakukasirika, alipiga hesabu. Mwisho wa mwaka 1889 kampuni ikaundwa Dublin, du Cros akiwa kiongozi na Dunlop akiwa ndani kama mwenye uvumbuzi.

Mwaka 1890 kukaja habari mbaya. Hati ya Dunlop haikuwa na nguvu tena, sababu mtu mwingine alikuwa amemtangulia. Robert William Thomson, Mscotland kama yeye, aliandikisha gurudumu la hewa toka mwaka 1845, akiwa kijana wa miaka 23. Alilionyesha kwa watu London mwaka 1847, kwenye magari ya farasi. Lilikuwa na bomba la mpira ndani na ngozi nene nje, na lilifanya kazi vizuri. Lakini wakati ule baiskeli haikuwako, gari la moteri halikuwako, na mpira mzuri ulikuwa adimu na wa bei kali. Thomson akakata tamaa, akashika kazi nyingine, na alikufa mwaka 1873 bila kuona faida ya wazo lake. Dunlop hakuwa na habari zake kabisa. Wazo lilikuwa limekufa likasahauliwa, likazaliwa mara ya pili.

Kampuni iliponea kwa njia nyingine. Ilinunua hati za Charles Kingston Welch na za William Bartlett, watu wawili waliopata namna ya kushikilia mpira kwenye janti bila kuugandisha kwa gundi. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Mpira wa kwanza wa Dunlop ukitoboka, kuutengeneza ilikuwa kazi ya masaa. Huko Ufaransa ndugu wawili Michelin walishika njia hiyo hiyo, na mwaka 1895 walipeleka gari lenye mipira ya hewa kwenye mashindano ya Paris–Bordeaux–Paris. Mipira ilitoboka mara nyingi sana, lakini gari lilifika. Toka hapo mpira wa hewa ukahama kutoka baiskeli kuingia kwenye gari.

Jina lilibaki, mwenye jina akatoka

Dunlop hakuwa mtu wa kampuni. Mwaka 1895 alijitoa. Mwaka uliofuata, du Cros na wenzake waliuza kampuni kwa mfanyabiashara Ernest Terah Hooley kwa pauni milioni 3, naye akaiuza tena kwa watu kwa pauni milioni 5. Mamilioni hayo hayakumfikia yule aliyepigilia kitambaa kwenye duara la mbao. Alikaa Dublin, akawa na sehemu katika biashara ya nguo, akaishi maisha ya kawaida ya mtu mwenye heshima.

Jina lake lakini halikumuacha. Kampuni iliendelea kulitumia, pamoja na picha yake. Karibu na mwisho wa maisha yake, mzee yule mwenye ndevu nyeupe alienda mahakamani kuishitaki kampuni yenye jina lake mwenyewe. Matangazo yalimchora akiwa amevaa kama kijana wa majivuno, mavazi ambayo hakuvaa hata siku moja. Kesi ilifika mpaka mahakama ya juu kabisa ya London. John Boyd Dunlop alikufa Dublin tarehe 23 Oktoba 1921, akiwa na miaka 81. Mtoto dhaifu wa Dreghorn alikuwa ameishi kuliko wengi walioambiwa kuwa wana nguvu. Amezikwa katika makaburi ya Deansgrange, Dublin.

Sehemu ya Kongo katika habari hii

Kwa msomaji wa Kongo, habari haiishi Dublin. Mara tu baiskeli zilipoanza kuvaa mipira ya hewa, viwanda vya Ulaya na Marekani vilitaka kauchu, tena nyingi. Sehemu kubwa ilitoka Brazil. Lakini Kongo, ambayo toka mwaka 1885 ilikuwa mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ilikuwa na misitu iliyojaa kamba za kauchu ya porini.

Mwaka 1890 Kongo iliuza nje zaidi kidogo ya tani 100 za kauchu. Mwaka 1901 zilikuwa karibu 6,000. Kuongezeka huko hakukuja kwa biashara ya haki. Vijiji vililazimishwa kuingia msituni, wake walishikwa mateka mpaka wanaume walete kipimo, waliokosa walipigwa kwa fimbo, wengi waliuawa, na mikono ya watu ilikatwa. Mateso makali yalikuwa hasa katika misitu ya Équateur na sehemu za bonde la mto Kongo.

Dunlop hakuwa mkubwa wa mambo hayo, wala hakuyapanga. Alitaka mtoto wake asitikiswe. Lakini starehe ya baiskeli ya Ulaya ililipwa na watu ambao hawakuwa hata na baiskeli. Na aliyeandika ripoti maarufu ya mwaka 1904 juu ya mateso hayo, Roger Casement, alizaliwa Dublin, mji ule ule ambamo kampuni ya mipira iliundwa. Ripoti yake, pamoja na kazi ya Edmund Dene Morel na picha za Alice Seeley Harris, zilisukuma dunia mpaka mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa Kongo, ikawa koloni la Ubelgiji. Baadaye mashamba ya mipira ya Asia yalichukua soko, na kauchu ya porini ikapoteza bei.

Somo la Dunlop kwenye njia ya Walikale

Zaidi ya miaka 130 imepita, lakini kanuni ya uwanja wa Belfast inafanya kazi vilevile kati ya Sake na Walikale. Kinachomeza jiwe ni hewa, na hewa inahitaji nafasi.

Siku hizi kuna magari yanayofika na janti kubwa zinazong'aa, na mpira mwembamba kama ukanda. Yanapendeza kwa macho. Lakini tuhesabu. Mpira ulioandikwa 195/65 R15 na ule ulioandikwa 225/40 R18 vina kimo karibu sawa kwa nje, sentimita 63 hivi. Wa kwanza una janti ya inchi 15, na ubavu wa mpira, toka janti hadi chini, ni milimita 127. Wa pili una janti ya inchi 18, na ubavu wake ni milimita 90 tu. Gurudumu halikuongezeka ukubwa. Chuma ndicho kilichoongezeka, na hewa ikapungua. Jiwe la Mushaki likija, mpira wa pili unafika kwenye janti haraka: janti inapinda, mpira unapasuka ubavuni, na abiria wanapigwa. Janti kubwa mara nyingi ni nzito pia, na gurudumu zito likirushwa na shimo, amortiseri inachelewa kulituliza.

Sasa tazama Land Cruiser za kazi zinazofika mpaka Walikale-centre. Nyingi zinavaa mpira wa 7.50 R16. Janti ni inchi 16 tu, lakini gurudumu zima lina kimo cha sentimita kama 80. Maana yake kuna karibu sentimita 20 za mpira na hewa kila upande wa janti. Hapo vitu viwili vinasaidiana: gurudumu kubwa halizami sana katika shimo, na ubavu mrefu unameza jiwe. Pikipiki nazo, zenye magurudumu ya inchi 17 ao 18, zinapita pale ambapo skuta yenye magurudumu madogo itakwama.

Kuna jambo la tatu, na halihitaji pesa nyingi: kipimo cha hewa. Mwenye mzigo mzito anapenda kutia upepo mpaka mpira unakuwa kama jiwe. Anaona anaulinda, lakini amerudi kwenye ukanda mgumu wa mwaka 1887. Mpira uliojazwa kupita kiasi unarukaruka, haushiki njia, na unatoboka kwa urahisi kwenye mawe makali. Mpira wenye hewa kidogo mno nao unapata moto, unakatika ubavuni, na janti inagusa chini. Kipimo kilichoandikwa na wenye kutengeneza gari, mara nyingi pembeni mwa mlango wa shoferi, kiliwekwa kwa sababu.

Mpira mzuri hauwezi kutengeneza barabara. Mama anayepelekwa hospitali toka Nyabiondo bado anahitaji njia, na njia inahitaji amani na kazi. Lakini leo, kabla barabara haijatengenezwa, mumotari anayepima hewa ya mpira wa nyuma kabla ya kumpandisha mgonjwa anafanya jambo lile lile alilofanya munganga wa farasi wa Belfast kwa ajili ya Johnny. Na jambo hilo linamchukua dakika mbili.